Juu ya Hadithi za Mazoezi ya Vita na Programu za Kuzitungia

Wapo watakaoshangaa kuona jambo la askari likiletwa mbele ya wasomaji wa jarida la lugha. Vita vina vyuo vyake na wataalamu wake, na mtu ambaye kazi yake ni kupima maneno hana haja ya kujipenyeza kambini. Lakini zoezi la kijeshi la siku hizi, kabla halijawa mwendo wa magari na mlio wa bunduki, huwa maandishi. Hutungwa nchi isiyokuwako, ikapewa jina, historia, watu, vyama, magazeti na ugomvi. Hutungwa adui, akapewa nia na tabia. Kisha hupangwa matukio, siku kwa siku na saa kwa saa, mpaka mwisho. Kazi hiyo ni utungaji wa hadithi hata kama watungaji wake wamevaa sare. Na chombo wanachotungia, yaani programu za kompyuta za kupanga na kusimamia matukio ya mazoezi, ni chombo cha utungaji kama kalamu ilivyo, ingawa waliokiunda hawakukusudia hivyo. Kwa hiyo si ufidhuli mhakiki akikichukua mkononi na kukitazama.

Nakusudia kusema mambo mawili ambayo mwisho wake ni jambo moja. La kwanza ni kwamba programu hizi zina sifa kubwa ya kuleta utaratibu, lakini zimejengwa juu ya wazo la hadithi ambayo majibu ya upande wa pili hutarajiwa na kuandikwa kabla upande huo haujafumbua kinywa. La pili ni kwamba dosari hiyo hiyo yaonekana katika majina ambayo hadithi hizo huzipa nchi zao za kubuni, na baadhi ya majina hayo ni ya Kiswahili. Penye hadithi isiyongoja jibu la mpinzani, hapana ajabu kuona pia lugha iliyoazimwa bila kungoja jibu la wenyewe.

Kwanza yafaa tujue asili ya jambo lenyewe. Mwaka 1812 Georg Leopold von Reisswitz wa Prussia alimwonyesha mfalme Friedrich Wilhelm III mchezo wa vita uliochezwa juu ya meza. Mwaka 1824 mwanawe, aliyekuwa ofisa wa mizinga, aliutoa upya pamoja na kanuni zake. Mchezo ulichezwa juu ya ramani, kwa vipande vya rangi mbili, kwa dadu, na kwa majedwali ya kupimia hasara. Wachezaji hawakusogeza vipande kwa hiari yao tu. Kila upande uliandika amri zake na kumpa mwamuzi, na mwamuzi ndiye aliyejua yote, akaamua nani ameona nini na nani amepoteza watu wangapi. Baadaye, mwaka 1876, Julius von Verdy du Vernois alipendekeza majedwali na dadu viwekwe kando na mwamuzi aamue kwa ujuzi wake.

Msomaji aangalie sana daraja la mwamuzi huyu. Yeye si mchezaji, wala si mtazamaji. Yu katikati ya pande mbili kama hakimu, na heshima yake yote yatokana na kwamba hajui mambo yatakavyokwisha. Akijua mwisho kabla ya mwanzo, uamuzi wake hauna maana tena, na waliokaa mezani wangefanya vyema kwenda zao nyumbani kulala.

Mazoezi yalipokuwa makubwa, yakahusisha majeshi ya nchi nyingi na maelfu ya watu, mwamuzi mmoja hakutosha. Ikawa lazima pawe na kundi la watungaji na wasimamizi, na pawe na daftari kubwa la matukio ili mmoja asilipue daraja ambalo mwenzake amepanga kulivusha misafara kesho yake. Daftari hilo ndilo lililogeuzwa kuwa programu ya kompyuta. Shirika la NATO lina programu yake iitwayo JEMM, ambayo hutumiwa katika vituo kama kile cha mafunzo ya vita vya pamoja cha Stavanger, nchini Norwe, kilichoanzishwa mwaka 2003. Kampuni ya 4C Strategies ya Sweden hutengeneza programu iitwayo Exonaut. Marekani nayo ina zake. Majina ni mbalimbali, lakini umbo la kazi ni moja, nami nitalieleza kwa maneno ya Kiswahili nionavyo yafaa.

Juu kabisa iko hadithi ya zoezi, yaani hali nzima ya kubuni: nchi, watu, historia na sababu ya ugomvi. Hadithi hugawanywa katika mikondo. Mmoja waweza kuwa wa wakimbizi, wa pili wa mapigano ya mpakani, wa tatu wa uvumi magazetini. Kila mkondo una matukio, na kila tukio lina visa. Chini kabisa viko vichocheo. Kichocheo ni habari moja inayotupwa kwa wanaofanya zoezi ili iwalazimishe kutenda: barua, simu, taarifa ya redio, picha, au mtu anayefika mlangoni akijidai kuwa mkuu wa wilaya. Tuchukue mfano wa kubuni. Siku ya pili, saa tatu asubuhi, simu yapigwa: wakimbizi mia nne wamefika darajani na daraja halina ulinzi. Katika programu kichocheo hicho kina fomu yake. Huandikwa namba, saa, jina la mpelekaji, jina la mpelekewa, njia ya kupelekea, maneno yenyewe, lengo la mafunzo linalohusika, na hali yake, kama bado ni rasimu, kama kimeidhinishwa, au kama kimekwisha kupelekwa. Tena, katika mapangilio ya namna hii, hutengwa nafasi ya kuandika kitendo kinachotarajiwa kutoka kwa wanaofanya zoezi.

Sitaki nionekane mtu wa kutafuta makosa tu. Utaratibu huu una faida ambazo mtungaji yeyote wa hadithi ndefu angezionea wivu. Kwanza, kila kisa chatakiwa kionyeshe sababu ya kuwako kwake. Kichocheo kisichofungwa na lengo lolote la mafunzo hujitokeza mara moja, nacho huondolewa. Ni riwaya ngapi tumezisoma ambazo zingepungua robo kwa kanuni hiyo! Pili, watungaji wengi waweza kuandika hadithi moja bila kupingana, kwa kuwa kila mmoja aona saa na mahali pa kazi ya mwenzake. Tatu, hadithi yabaki na kumbukumbu: yajulikana ni nini kilipelekwa, lini, na kwa nani, hata zoezi likiisha mtu aweza kurudi nyuma na kuuliza kwa nini jambo fulani lilikwenda kombo. Fasihi simulizi yetu ingekuwa na kumbukumbu ya namna hiyo, tungejua mengi ambayo leo twayakisia.

Lakini turudi kwenye nafasi ile ya fomu iliyotengewa kitendo kinachotarajiwa. Ni nafasi ndogo, yenye mstari mmoja au miwili, na mtu aweza kuipita bila kuitazama. Kwa maoni yangu tabia yote ya hadithi hizi imo ndani yake. Mtungaji anayeandika kitendo cha mwenzake kabla hajatenda amekwisha kuvuka mpaka wa mwamuzi na kuingia katika nafasi ya mwenye hadithi. Kichocheo cha kesho kimeandikwa kwa kudhani kwamba kitendo cha leo kitakuwa hivi. Kikiwa vingine, kazi ya watu wengi yaharibika, na kila aliyeketi mbele ya kompyuta ana sababu ya kutamani kisiwe vingine. Wahenga walisema, mwamba ngoma ngozi huivuta kwake. Programu haikuleta tamaa ya kuvuta ngozi, lakini imempa mwambaji mikono mingi zaidi ya kuivutia.

Kwamba tamaa yenyewe ni ya zamani kuliko kompyuta, historia yashuhudia. Mapema mwezi wa Mei 1942 maofisa wa jeshi la majini la Japani walifanya mchezo wa vita ndani ya manowari Yamato ili kujaribu mpango wao wa kushambulia Midway. Kwa masimulizi ya Fuchida na Okumiya, maofisa wawili walioandika habari hizo baada ya vita, dadu lilipotupwa lilitoa hukumu kwamba mabomu tisa yamezipata meli za kubebea ndege za Japani, na mbili kati yake, Akagi na Kaga, zimezama. Amiri Ugaki, aliyekuwa akisimamia mchezo, aliyapunguza mabomu yakawa matatu, Akagi ikasalimika, na Kaga, iliyohesabiwa kuwa imezama, ikaonekana tena katika sehemu nyingine ya mchezo. Tarehe 4 Juni mwaka ule ule vita vya kweli vilipiganwa. Meli nne za kubebea ndege za Japani zilipigwa, zikaangamia zote nne, na Akagi na Kaga zilikuwa miongoni mwake. Si lazima mtu aamini kwamba dadu lilikuwa na unabii. Yatosha kuona kwamba wenye mpango waliletewa swali, nao wakalifuta swali badala ya kulijibu.

Mfano wa pili ni wa karibu zaidi, nao ulikuwa na kompyuta tele. Kati ya Julai na Agosti mwaka 2002 Marekani ilifanya zoezi kubwa lililoitwa Millennium Challenge. Maandalizi yalichukua miaka miwili, washiriki walikuwa kama 13,500, na gharama zilifika kama dola milioni 250. Upande wa adui ulipewa Paul Van Riper, luteni jenerali mstaafu wa jeshi la wanamaji. Yeye hakutumia redio ambazo wapinzani wake walijiandaa kuzinasa. Alituma amri zake kwa watu wa pikipiki, na ndege zake zikaruka kwa alama za taa. Alipoona manowari zimekaribia, hakungoja kupigwa. Alizitangulia kwa makombora mengi na mashua ndogo ndogo, na meli kumi na sita za wapinzani wake zikahesabiwa kuwa zimezama, mojawapo ikiwa ya kubebea ndege. Wasimamizi walisimamisha zoezi, wakazieleza meli zile kuwa zimeelea tena, na zoezi likaendelea. Baada ya hapo, kama Van Riper alivyolalamika, upande wake uliwekewa masharti, hata ukaagizwa kuwasha rada zake za kulindia anga ili ziweze kupigwa. Aliacha kuongoza upande ule kabla zoezi halijaisha.

Haki yataka tuseme yale waliyosema wasimamizi. Maelfu ya askari, ndege na meli za kweli zilikwisha kukusanywa kwa siku chache zilizohesabiwa, na kulikuwa na mambo mengi mengine ya kujaribiwa. Zoezi likiisha siku za mwanzo, fedha na muda wote umepotea. Hoja hii ina uzito, nami sidhani kwamba kuelesha meli tena ni dhambi peke yake. Hata mwalimu wa shule humpa mwanafunzi aliyekosea nafasi ya kurudia hesabu. Kosa laanza mahali ambapo hesabu yarudiwa kwa sharti kwamba aliyeuliza swali gumu asiulize tena. Asiyekubali kushindwa si mshindani. Na hadithi isiyomruhusu mpinzani kushinda hata ukurasa mmoja haina mpinzani ndani yake, ina kivuli tu.

Hapa mwanafunzi wa Kiswahili ana cha kusema, kwa sababu katika fasihi yetu iko nchi ya kubuni inayojulikana sana. Mwaka 1951 Shaaban Robert alitoa Kusadikika, hadithi ya nchi iliyo angani. Karama yu mbele ya baraza, ameshtakiwa na Majivuno kwa kosa la kueneza elimu ya sheria. Shitaka limetungwa na wenye nguvu, na hukumu yaelekea kwamba imekwisha kukatwa kabla baraza halijaketi. Kama mambo yale yangeandikwa katika fomu ya programu zetu, kitendo kinachotarajiwa kwa Karama kingekuwa ni kunyamaza au kuomba radhi. Lakini mtungaji ampa kinywa. Karama asimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita, wakarudi na mema, wakalipwa mateso, na kila simulizi yaligeuza shitaka likawaelekea walioshtaki. Nguvu ya kitabu kile haitokani na nchi yake ya ajabu. Nchi za ajabu ni nyingi. Yatokana na kwamba mshtakiwa ajibu, na jibu lake labadilisha mwisho.

Hicho ndicho kipimo ninachokipendekeza kwa hadithi ya zoezi lolote na kwa programu yoyote ya kuitungia. Tusiulize kwanza kama nchi yake ya kubuni ina mito mizuri na takwimu za kuaminika. Tuulize kama aliye upande wa pili aweza kusema neno ambalo mtungaji hakulitia katika daftari, na kama daftari litalipokea neno hilo, au litalitema.

Sasa niingie katika jambo la majina. Desturi ya kutumia nchi za kubuni katika mazoezi ni njema katika asili yake. Nchi ikifanya zoezi na kumtaja jirani yake kwa jina kuwa ndiye adui, yazua uhasama bure. Basi hutungwa majina. Katika hadithi iitwayo Skolkan, iliyotungwa kwa ajili ya mazoezi ya NATO, kulikuwa na nchi kama Bothnia na Torrike. Jeshi la Marekani lina mkusanyo mkubwa wa nchi za kubuni uliotandazwa juu ya ramani ya dunia, na katika eneo la Kaukasi zimo Atropia, Ariana, Donovia, Gorgas na Limaria. Mkusanyo huo huo una sehemu ya Afrika, nayo imetandazwa juu ya Afrika Mashariki. Nchi zake ni nne: Amari, Kujenga, Nyumba na Ziwa.

Msomaji wa Kiswahili akiyaona majina haya hutabasamu kwanza, kisha hufikiri. Kwa msikilizaji asiyejua lugha ni sauti tu, nzuri na za kigeni kiasi cha kufaa. Kwetu sisi ni maneno, na maneno hayakai kimya kwa kuwa mtu ameyapa kazi nyingine. Tuyapime moja moja.

Nyumba ni jina la kitu ambacho kila mtu hukitaja mara kumi kwa siku. Tuseme askari apeleka habari: “Nyumba imezingirwa.” Je, mpokeaji apeleke kikosi kwenye jengo moja, au atangaze kwamba nchi nzima imevamiwa? Upatanisho wa sarufi haumsaidii, maana nyumba ya kuishi na Nyumba ya ramani zote huchukua kiambishi kimoja. Katika maandishi herufi kubwa yaweza kuokoa maana. Katika redio hakuna herufi kubwa. Waziri wa nchi hiyo anayeshughulika na nchi za kigeni ataitwa nani, kama si Waziri wa Mambo ya Nje ya Nyumba? Na lugha ya watu wake, kwa kanuni yetu ya kuweka ki- mbele ya jina, yatakiwa iitwe Kinyumba. Neno hilo limekwisha kuwa na kazi yake, nayo ni kuwataja mwanamume na mwanamke wakaao pamoja bila ndoa. Sitaendelea mbele hata unyumba.

Ziwa lina taabu kama hiyo, na zaidi, kwa sababu eneo lililotandaziwa jina hilo ni eneo la maziwa makubwa ya kweli. “Adui amevuka Ziwa” ni sentensi ambayo yaweza kuwapeleka askari wa mashua upande mmoja na askari wa miguu upande mwingine. Tena ziwa ni titi la mama, nalo ni neno la heshima ambalo halikutazamia kupigwa mizinga.

Amari ni afadhali. Mabaharia wa zamani waliliita amari kamba nene ya kufungia nanga, na mtu aweza kusema kwamba nchi iliyoitwa hivyo imepata jina la uthabiti. Lakini katika kambi neno linalosemwa kuliko yote ni amri, na kati ya amri na amari pana irabu moja tu. Mkoromo wa redio wawezaje kuibeba irabu hiyo salama? “Amri imevunjwa” na “Amari imevunjwa” ni habari mbili zilizo mbalimbali sana, na makamanda wawili watazipokea kwa nyuso mbalimbali.

Lililobaki ni Kujenga, nalo ndilo lenye kufundisha zaidi. Wengine wataliona kosa kwa sababu ni kitenzi, na nchi haiitwi kwa kitenzi. Mimi sisemi hivyo. Shaaban Robert aliita nchi zake Kusadikika na Kufikirika, na hapana aliyemlaumu. Lakini tuangalie alivyochagua. Vitenzi vile viko katika kauli ya kutendeka, yaani vyaeleza jambo liwezekanalo kusadikiwa au kufikiriwa, hata jina lenyewe likawa onyo kwa msomaji: nchi hii haiko, lakini yaweza kuwako popote, labda hata hapa ulipo. Jina limebeba kusudi la kitabu. Kujenga, kwa upande wake, ni kitenzi cha kutenda kilichonyimwa mtendwa. Msikilizaji angoja aambiwe kujenga nini, na jibu haliji. Kisha jeshi la nchi hiyo likitumwa kubomoa madaraja, yasemwa kwamba majeshi ya Kujenga yamebomoa, na hadithi yajicheka bila kujua kwamba yajicheka.

Mtu ataniambia kwamba haya ni mambo madogo ya walimu wa sarufi. Sivyo. Jeshi la Wananchi wa Tanzania, lililoundwa mwaka 1964, hutoa amri zake kwa Kiswahili. Kiswahili kilikubaliwa kuwa lugha rasmi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2021, na mwaka 2022 Umoja wa Afrika ulikipokea kuwa lugha yake ya kazi. Hadithi ya zoezi iliyotandazwa juu ya nchi hizi ni lazima mtungaji wake adhani kwamba siku moja itasomwa na watu wa nchi hizi, wala si wageni peke yao. Jina linaloleta shaka katika ujumbe ni kasoro ya kazi, sawa na ramani yenye mto uliokosewa mahali. Na lenye kuumiza kidogo zaidi ni hili: majina yale yaonyesha kwamba mwenye Kiswahili hakuwa katika mawazo kama msikilizaji. Alikuwa katika mawazo kama mandhari.

Watu wa Belarus walionyesha kwamba mandhari yaweza kujibu. Mwezi wa Septemba 2017 Urusi na Belarus zilifanya zoezi lililoitwa Zapad, na katika hadithi yake adui alikuwa nchi ya kubuni iitwayo Veishnoria, iliyochorwa ndani ya mipaka ya Belarus yenyewe, upande wa kaskazini magharibi. Wananchi walipoiona ramani walianza mzaha. Waliitungia Veishnoria bendera, wakaipa wizara ya mambo ya nje katika intaneti, na maelfu wakaomba uraia wake. Nchi iliyotungwa ili ishindwe ikapata watu, sauti na hata ucheshi, vitu ambavyo mtungaji hakuviweka katika daftari. Sijui uhakiki ulio bora kuliko ule.

Kwa kulinganisha, majeshi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki huyaita mazoezi yao ya pamoja Ushirikiano Imara. Jina hilo halina ufundi wa ajabu, lakini limetungwa na watu waliojua kwamba litasikika na kueleweka, nalo lasema wazi kile wanachokitafuta. Tofauti yake na majina manne niliyoyataja haiko katika uzuri wa sauti. Jina moja laambiwa watu, na mengine yasemwa juu yao.

Nisiache lawama bila shauri. Kuhusu majina, napendekeza vipimo vitatu ambavyo mtungaji wa hadithi ya zoezi aweza kuvitumia akiazima kutoka Kiswahili. Jina lisiwe neno la kila siku ambalo laweza kuchanganyika na habari yenyewe. Liweze kuzaa jina la watu kwa wa- na jina la lugha kwa ki- bila kugongana na neno lililokwisha kuwa na maana yake. Tena lisielekeze kidole kwa kabila au nchi iliyo hai, maana hapo kusudi zima la kubuni limepotea. Lugha yetu ina njia ya zamani ya kuziita nchi kwa u-, kama tunavyosema Usambara na Unyamwezi, na mtu mwenye sikio aweza kutunga mzizi usio na maana akauvika kiambishi hicho, akapata nchi, watu na lugha kwa mara moja bila kumkosea mtu.

Kuhusu programu zenyewe, shauri langu ni la fomu. Penye nafasi ya kitendo kinachotarajiwa na iwekwe nafasi iliyo sawa nayo kwa ukubwa, ya kitendo kilichotokea, na ya tatu ya kile ambacho mtungaji amekibadilisha katika hadithi kwa sababu ya kitendo hicho. Nafasi ya tatu ikibaki tupu tangu mwanzo wa zoezi mpaka mwisho, msimamizi atakuwa ameonywa kwamba alikuwa akizungumza peke yake. Na meli iliyozama ikielezwa kuwa imeelea, na iandikwe katika daftari ni nani aliyeielesha na kwa sababu gani, wazi mbele ya pande zote mbili. Mwamuzi wa mwaka 1824 hakuona haya kuandika hasara. Wa leo, mwenye kompyuta, hana udhuru wa kuona haya.

Nchi ya kubuni haina wajane wala makaburi, na kwa hiyo ni rahisi kuiandikia mwisho tuutakao. Lakini watu wanaofunzwa ndani yake watatoka siku moja na kuingia katika nchi ya kweli, ambako aliye upande wa pili hakusoma daftari na hatatenda linalotarajiwa. Ni heri wamsikie akijibu mapema, angali ni mtu wa hadithi.